Kusimika Nguzo za Bembea ya Kulalia Uani: Vipimo, Udongo wa Dodoma na Yanayoharibika

Ukiona nguzo mbili na bembea katikati, ni rahisi kudhani kazi ya nguzo ni kubeba uzito wa aliyelala. Uzito huo nguzo yoyote huumudu. Kinachoziangusha ni mvuto wa kuelekea ndani: kila anayelala anazivuta nguzo zikaribiane, na udongo unaotakiwa kuzuia mvuto huo ni huu wa Dodoma, unaokataa sururu mwezi wa tisa na kulainika masika mpaka kigingi kinang'oka kwa mkono. Fundi aliyezoea fensi atakwambia futi mbili chini zinatosha. Kwa fensi ni kweli, kwa kuwa seng'enge haina mtu anayejitupa juu yake. Kwa bembea, futi mbili ni nguzo iliyoinama kabla mwaka haujaisha.

Mvuto una ukubwa gani

Ukubwa wa mvuto unategemea jinsi kamba ilivyoinama kutoka kwenye pete, yaani kishikizo cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo. Chukua mtu wa kilo 80. Kamba ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka mlalo, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 57 hivi. Kwa nyuzi 30 inakuwa kilo 80, kwa nyuzi 20 kilo 117, kwa nyuzi 10 kilo 230. Bembea ikikazwa mpaka ikanyooka, kamba ikibaki na nyuzi 5 tu, mtu yuleyule wa kilo 80 anaivuta kila nguzo kwa nguvu inayokaribia kilo 460. Ndiyo maana bembea iliyokazwa sana hukata kamba na kukunja bomba hata kama aliyelala ni mwembamba, na pia hupindua watu, kwa sababu haina tumbo la kumpokea mtu.

Lenga nyuzi 30. Hapo ndipo mgongo unapumzika vizuri na nguzo hazionewi. Bila kifaa cha kupima pembe, shika fito ya mita 1 iwe mlalo kuanzia kwenye pete kuelekea katikati ya bembea, mtu akiwa amelala. Mwisho wa fito, kamba iwe imeshuka sentimita 58 hivi chini yake. Ikiwa imeshuka sentimita 20 tu, legeza.

Hesabu hizi ni za mtu aliyetulia. Anayejibwaga kwa nguvu, au watoto watatu wanaoyumbishana, wanaweza kuongeza mvuto mara mbili kwa nukta chache. Vipimo vya hapa chini vimeacha nafasi hiyo.

Usifunge kwenye ukuta wala nguzo ya geti

Hili tunaliweka mapema kwa kuwa ndilo linaloweza kuua. Nguzo ya tofali au bloku kwenye kona ya fensi, mhimili wa geti, nguzo ya baraza isiyo na nondo ndani: vyote vimejengwa kubeba mzigo unaokandamiza chini. Tofali na mota huvumilia kukandamizwa, hazivumilii kuvutwa upande. Nguzo ya namna hiyo inaweza kuonekana imara miezi kadhaa huku mota ikipasuka kidogo kidogo kwenye mstari mmoja wa chini. Ikiachia, inaangukia upande inakovutwa, yaani juu ya aliyelala, na kwa kuwa amezama ndani ya kitambaa hawezi kuruka. Lipu nzuri na rangi mpya havionyeshi kama ndani kuna nondo. Kama hukuiona nondo ikifungwa na zege likimwagwa, chukulia kwamba haipo.

Mti mzima unafaa kuliko ukuta. Mwarobaini wenye shina la unene wa sentimita 20 na zaidi, uliosimama wima na usio na kuoza, unaweza kuwa upande mmoja, ukasimika nguzo moja tu upande wa pili. Tumia mkanda mpana wa sentimita 5 kuuzungushia shina; kamba nyembamba hukata gamba na kuuchosha mti. Mlonge, mpapai na mwashoki waache. Mlonge hukatika ghafla, mpapai si mti wa kuni wala wa kuvutwa, na mwashoki wa uani mara nyingi ni mrefu mwembamba.

Mahali

Dodoma upepo mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na mkali wake ni wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. Jua la kuumiza ni la mchana kuelekea alasiri. Ukiweka bembea upande wa mashariki wa nyumba, nyumba yenyewe inakupa kivuli kuanzia saa nane hivi, ila upepo utakupata. Wengi huvumilia upepo kuliko jua, na kwa nguzo ni bora pia, kwa sababu kamba na kitambaa hudumu zaidi kivulini.

Acha mita 1 na nusu kila upande pasipo na ukuta, ngazi, mawe ya bustani wala ncha ya bati. Kaa mbali angalau mita 2 na shimo la choo na karo lake, maana udongo wa hapo ni wa kujazwa na huwa na unyevu. Kabla ya kuchimba, fuata mstari wa bomba la maji kutoka kwenye mita ya DUWASA mpaka ndani, na uulize nyaya za umeme zilipita wapi kama zimezikwa. Tazama na juu: waya wa TANESCO unaoingia nyumbani usipite juu ya nguzo za chuma utakazosimamisha.

Soma udongo kwanza

Chimba shimo dogo la majaribio la nusu mita. Katika viwanja vingi vya mjini utakuta kichanga chekundu juu, kisha tabaka gumu linalogonga sururu. Huu ndio udongo mzuri kwa kazi hii. Ukifika kwenye tabaka gumu ukiwa bado sentimita 60, usikubali kuishia hapo eti umefika mwambani. Mwaga ndoo mbili za maji jioni, asubuhi mtaimbo utaingia.

Udongo wa mbuga ni habari nyingine. Ni mweusi au wa kijivu, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza vidole, masika unanata kwenye viatu na kuvimba. Uko maeneo ya bondeni na kwenye tambarare za kuelekea Bahi kunakolimwa mpunga. Udongo huu hushika zege pembeni na kulinyanyua unapovimba, kisha huliacha na mwanya unaposinyaa. Nguzo hulegea bila mtu kuigusa. Kwa uwanja wa mbuga, nenda mita 1 na nusu chini, panua kitako cha shimo kiwe kipana kuliko mdomo, na ufunge boriti la juu tutakaloeleza mbele. Usisimike nguzo mbili huru kwenye mbuga.

Aina ya tatu ni kifusi: kiwanja kilichojazwa ili kiwe sawa na barabara. Ukikuta vipande vya tofali, mifuko ya plastiki au mkaa, endelea kuchimba mpaka udongo wa asili, kisha hesabu mita 1 kuanzia hapo.

Wakati mzuri wa kuchimba ni mwezi wa tano na wa sita. Mvua zimekwisha, ardhi bado ina ulaini, na zege halipigwi na mvua.

Nguzo: chuma au mti

Bomba la mraba la inchi 3 kwa 3, lenye ukuta wa milimita 3, linatosha kwa mtu mmoja mzito. Kwa bembea ya watu wawili chukua inchi 4 kwa 4, ukuta uleule. La duara la inchi 3, ukuta wa milimita 4, linafaa pia kwa mtu mmoja. Shida iko dukani: bomba la inchi 3 huuzwa kwa unene tofauti na kwa macho yote yanafanana. La milimita 1.5 linafaa kwa mlango wa geti, kwa bembea linakunjika usawa wa ardhi. Weka kwenye mizani. Urefu wa mita 6 wa bomba la 3 kwa 3 lenye ukuta wa milimita 3 una kilo 40 hivi. La milimita 1.5 lina kilo 20 na ushee. La 4 kwa 4 la milimita 3 lina takriban kilo 55. Mizani haidanganyi kama muuzaji hana uhakika.

Kwa kina cha kawaida, bomba la mita 6 likikatwa katikati linatoa nguzo mbili za mita 3: mita 1 ndani ya ardhi, mita 2 juu. Pima kabla ya kulipa. Mengine huwa na mita 5.8, ambayo bado yanafaa ukibaki na mita 1 chini na mita 1.9 juu.

Ukipenda mti, chukua nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, kama zinazoletwa kutoka Mafinga, yenye unene wa sentimita 15 kwenye ncha nyembamba na urefu wa mita 3.2. Mirunda ya kawaida ya kujengea haifai. Mchwa wa Dodoma huimaliza kuanzia chini ya ardhi, mahali usipopaona, huku juu ikiwa nzima. Oili chafu ya gari haiingii ndani ya mti. Inapaka ngozi ya nje, mchwa hupita kwenye ufa wa kwanza, na mafuta yanabaki kwenye udongo wa bustani. Dawa ya kiwandani nayo hukaa zaidi kwenye tabaka la nje, kwa hiyo nguzo ikikatwa, upande uliokatwa uwe juu, usizikwe kamwe.

Nguzo ya mti usiizungushie zege. Mti hunywea ukikauka, unaacha mwanya, maji yanaingia na kukaa. Chimba mita 1.2, weka kokoto sentimita 10 chini, simamisha, kisha jaza moramu au changarawe yenye udongo kidogo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ukilishindilia kwa mtaimbo mpaka mtaimbo urudi juu. Ukijaza yote kisha ukashindilia juu tu, chini kutabaki wazi. Hatua zinazofuata ni za chuma, lakini vipimo vya umbali na pete ni vilevile.

Umbali kati ya nguzo na kimo cha pete

Bembea nyingi za kitambaa au nyavu, pamoja na kamba zake, hukaa vizuri kwenye umbali wa mita 4 hadi 4.5. Kimo cha pete kinatokana na umbali: chukua nusu ya umbali, zidisha kwa 0.58, ongeza kimo cha kukalia, sentimita 45. Umbali wa mita 3.6 unahitaji pete kwenye mita 1.5, mita 4 inahitaji mita 1.6; mita 4.2 inahitaji mita 1.67, mita 4.5 inahitaji mita 1.75. Pima umbali huo usawa wa pete, usipime chini, kwa sababu nguzo zitaegemea nje kidogo.

Kwa kuwa kitambaa hunyooka kadiri kinavyotumika, chomelea pete mbili kwenye kila nguzo, moja kwenye kimo ulichokokotoa na nyingine sentimita 15 juu yake. Fanya kazi hii kabla ya kusimika. Kuchomelea nguzo iliyokwisha simama ni taabu na kiungo huwa kibaya. Tumia chuma laini cha duara cha milimita 12, kilichokunjwa umbo la U, kichomelewe miguu yote miwili kuizunguka kabisa. Nondo yenye meno husaga kamba. Juu ya bomba fundi achomelee kipande cha bati nene kulifunika, maana mvua ikiingia ndani kutu huanzia mahali ambapo brashi haifiki. Sehemu ya chini, sentimita 10 na sentimita 60 kutoka kwenye ncha, achomelee vipande vya nondo ya milimita 12 vyenye urefu wa sentimita 25, vikiwa msalaba. Hivi ndivyo vinavyoizuia nguzo isizunguke wala kung'oka ndani ya zege.

Kama bomba ni la kupakwa zinki, fundi akwangue zinki mahali pa kuchomelea na afanye kazi hiyo nje kwenye hewa. Moshi wake unaleta homa na kifua kubana. Baada ya hapo paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, ukisisitiza sentimita 20 juu na chini ya usawa wa ardhi. Hapo ndipo nguzo ya chuma hufia.

Vifaa vya nguzo mbili

Saruji mifuko 2 ya kilo 50, mchanga wa mto ndoo 7 na kokoto za inchi robo tatu ndoo 14, ndoo ikiwa ya lita 20. Mfuko mmoja unatosha shimo moja na kubaki kidogo. Ongeza mbao nne za 2 kwa 2 za kushikizia, vigingi, uzi, timazi, pima maji, koleo, sururu, mtaimbo na kopo la kutolea udongo.

Kagua mchanga. Jaza chupa inayoonyesha ndani nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Tope likitulia juu ya mchanga kwa unene unaozidi sehemu moja ya kumi ya mchanga wenyewe, uoshe au utafute mwingine. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi usiyatumie, yanakula chuma ndani ya zege.

Kazi yenyewe

1. Piga vigingi viwili na uzi, chora alama za mashimo. Kama unataka mita 4.2 usawa wa pete na nguzo ziegemee nje sentimita 10 kwa kila mita 2, vitako vya nguzo viwe karibu mita 4.03. Kuegemea huku kuna sababu: chuma hupinda kidogo kikivutwa, na udongo nao hukaa. Nguzo iliyosimikwa wima kabisa itaonekana imeinama ndani baada ya miezi, hata ikiwa salama.

2. Chimba shimo la upana wa sentimita 40 na kina cha mita 1.1. Kuta ziwe wima na zisiwe laini. Udongo wa pembeni ambao haujaguswa ndio utakaozuia nguzo, kwa hiyo shimo pana lililojazwa udongo uliolegea ni dhaifu kuliko jembamba. Ukikosea ukapanua, jaza zege mpaka ukutani, usirudishe udongo. Toa vumbi lote chini kwa kopo.

3. Nyunyizia maji kuta na kitako jioni ya kabla ya kumwaga zege. Ardhi kavu ya hapa hunyonya maji ya zege ndani ya dakika chache, nalo hubaki unga.

4. Changanya shimo moja kwa wakati. Mfuko 1 wa saruji, ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto. Changanya kavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uweke maji lita 25. Ukiona ni gumu mno, ongeza mpaka lita 28, usizidi. Zege la kumwagika kama uji ni rahisi kufanyia kazi na ni dhaifu likikauka. Mtindo wa kumimina saruji kavu shimoni na kumwagia maji juu hautufai hata kidogo: kokoto hukaa peke yake, saruji peke yake.

5. Mwaga sentimita 10 za zege kitakoni, shindilia, kisha simamisha nguzo juu yake. Nguzo isiguse udongo. Pete zitazamane.

6. Ning'iniza timazi kutoka juu ya nguzo upande wa nje. Kwenye usawa wa ardhi, uzi uwe umeachana na bomba kwa sentimita 10. Upande mwingine, wa kulia na kushoto, nguzo iwe wima kabisa. Ishikize kwa mbao mbili zilizopigwa kwenye vigingi.

7. Jaza zege kwa tabaka za sentimita 25, kila tabaka ulichome kwa nondo mara ishirini na zaidi ili hewa itoke. Angalia timazi kila tabaka. Nguzo husogea unaposhindilia na huwezi kuirudisha baadaye.

8. Malizia kwa kupandisha zege sentimita 5 juu ya ardhi, likiwa na mteremko kutoka kwenye bomba kwenda nje. Maji yasituame shingoni mwa nguzo.

9. Baada ya saa chache, zege likishaanza kugoma, lifunike gunia lililoloa na ulimwagie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Kwa hali ya hewa yetu hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha zege na tofali bichi. Upepo wa kiangazi hulikausha juu likiwa bado halijakomaa ndani.

10. Mbao za kushikizia zibaki siku 3. Mtu mmoja anaweza kulala kwa utulivu baada ya siku 14. Watu wawili na watoto wasubiri siku 28.

Boriti la juu

Kama udongo ni wa mbuga, kama bembea ni ya watu wawili, au kama umeshindwa kufika kina kinachotakiwa kwa sababu ya mwamba, unganisha vichwa vya nguzo kwa bomba la duara la inchi 2, ukuta wa milimita 2 au zaidi, ili umbo liwe la goli la mpira. Nguzo moja inavutwa kulia, nyingine kushoto, na bomba la katikati linapokea mivuto yote miwili na kuikutanisha. Udongo unabaki na kazi ndogo tu ya kuzuia mfumo usipinduke mbele na nyuma. Kwa maoni yetu hii ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote katika kazi nzima, kwa kuwa bomba moja la mita 6 na viungo viwili vya kuchomelea hufanya kazi ambayo ungeitafuta kwa mifuko kadhaa ya saruji. Ukiweka boriti, nguzo zisimame wima, zisiegemee nje.

Boriti linakushawishi uweke na kivuli. Weka neti ya kivuli inayopitisha upepo. Bati au turubai hugeuka tanga mwezi wa nane, na nguzo zitapokea nguvu ambazo hazikupangiwa.

Kamba na viungo

Kulabu iliyo wazi isitumike. Bembea ikiyumba, pete hupanda na kutoka. Tumia kiungo cha chuma kinachofungwa kwa pini ya hesi, au karabina yenye kifungio, kilichoandikwa uwezo wa angalau kilo 300. Kati yake na bembea weka mnyororo wa milimita 6 uliopakwa zinki: ukitaka kupandisha au kushusha, unahamisha pete moja ya mnyororo tu.

Kamba ya plastiki ya bluu au njano inayouzwa kila duka la vifaa huliwa na jua. Ukiisugua kiganjani ikaacha unga, imekwisha, hata kama inaonekana nzima. Katani ni nzuri kivulini, ila ikiloa na kukauka mara nyingi huoza ndani ya msokoto; fungua nyuzi zake uangalie katikati. Kamba ya polista ya milimita 10 au 12 ndiyo inayovumilia jua la hapa kwa muda mrefu na hainyooki sana. Nailoni ina nguvu lakini hunyooka, unalala juu unajikuta chini.

Kwa nguzo ya mti, toboa tundu moja kwa moja mpaka upande wa pili na upitishe bolti yenye jicho ya milimita 12, na nyuma yake washa pana na nati mbili. Iwe angalau sentimita 20 chini ya kichwa cha nguzo ili mti usipasuke. Skrubu za kuingizwa kwa mkono hung'oka mti ukikauka.

Kupima kabla ya mtu kulala

Pima kwa utepe umbali kati ya nguzo usawa wa pete, andika. Pakia mifuko ya mchanga kwenye bembea: kilo 150 kwa bembea ya mtu mmoja, kilo 200 na zaidi kwa ya wawili. Iache usiku kucha. Asubuhi pima tena mzigo ukiwepo, kisha toa mzigo upime mara ya tatu. Nguzo kusogea sentimita 1 au 2 mzigo ukiwepo na kurudi zilipokuwa ni chuma kinachopinda kidogo, hakuna tatizo. Zikibaki zimesogea zaidi ya sentimita 1 baada ya mzigo kutoka, udongo ndio umeachia, na bembea isitumike.

Chini ya bembea ondoa mawe na umwage mchanga sentimita 10. Kitambaa kisizidi sentimita 50 kutoka chini mtu akiwa ndani. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na bembea ya nyavu yenye matundu makubwa. Shingo ndiyo inayonasa. Isipotumika, itoe upande mmoja.

Ikianza kulegea

Dalili ya kwanza ni mwanya mwembamba kati ya zege na udongo upande wa nje wa nguzo. Wengi huujaza udongo huo mwanya na kushindilia. Haisaidii, kwa sababu karibu na uso wa ardhi nguzo inasukuma upande wa ndani. Rudisha nguzo kwenye mstari kwa kamba, kisha chimba upande wa ndani, ukiigusa zege ya zamani, shimo la upana wa sentimita 60, unene wa sentimita 30 na kina cha sentimita 50. Lijaze zege la uwiano uleule na mawe magumu. Hapo udongo mwingi zaidi unashika kazi mahali hasa panaposukumwa.

Bomba likikunjika usawa wa ardhi halinyooshwi. Likishakunjika limepoteza nguvu pale pale litakapohitajika tena; likate na usimike jipya pembeni. Pete iliyopasuka kiungo ichomelewe upya baada ya kukwangua kiungo cha zamani chote, si kwa kuongeza chuma juu ya ufa.

Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, gonga nguzo kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu. Mlio ukibadilika ukawa mzito shingoni, kutu imeanza kula ukuta wa bomba. Kwangua mpaka chuma king'ae. Ukiona tundu au bati likibonyea kwa ncha ya bisibisi, teremsha bembea siku hiyohiyo. Kama chuma bado ni kizima, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili na uzibe ufa kati ya bomba na zege kwa lami ya moto au mota ya mchanga na saruji. Kwa nguzo ya mti, fukua sentimita 15 kuizunguka, tafuta njia za udongo za mchwa, na uchome kwa bisibisi. Ikiingia zaidi ya sentimita 1 bila kusukumwa kwa nguvu, nguzo imekwisha.